Siku Niliyompelekea Mungu Hela ya Simu

Nikiwa kwa saiba yangu, mdomo wangu haufungiki. Nitakuambia ukweli kuhusu hiyo barua yako ya kazi, na ukija kupigwa picha ya pasipoti na nywele hizo, nitakutuma kwa kinyozi kwanza. Kibanda changu kiko pembeni mwa soko hapa Eldoret, kompyuta mbili na printa moja inayokohoa, na kazi yangu ni kuwajazia watu fomu za serikali. Lakini nisimamishe mbele ya watu, kuwe na mtu wa tai hapo mbele, uniambie niongee. Maneno yote yanarudi tumboni. Ni hivyo tangu shule.

Kati ya barabara na soko letu kulikuwa na mtaro, kina chake mpaka kiunoni. Tulikuwa tunauvuka kwa ubao mmoja. Na mvua ya huku unaijua, mchana ikiamua imeamua. Siku moja mama anayeuza sukuma, anayetoka Soy kila asubuhi, aliteleza kwa ule ubao na kuvunjika mguu. Sisi wote tunamwita Mama tu. Nilipokuja mji huu kutoka kwetu upande wa Busia, na begi moja, ni yeye alinipa chai ya kwanza na hakuniuliza nimetoka wapi. Kwa hivyo lile jambo liliniuma sana.

Kaunti ikatangaza kikao cha wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti. Watu wa soko wakaniambia, wewe ndio unajua kuandika, tuandikie tuombe daraja. Wakapanga foleni kwa saiba yangu, na kila mtu akataka sentensi yake mwenyewe, kwa maneno yake. Muuza omena alinisumbua nusu nife. "Soma tena. Hapo umesema mtaro, weka mtaro mbaya." Nikasoma mara tano. Nikamwambia hii ni barua, si matanga. Akasema, "Soma tena." Mama naye alinipigia simu kutoka kitandani: "Andika hivi: sitaki pesa ya pole. Nataka kitu cha kukanyaga."

Yote niliandika kwa simu, kwa sababu wateja walikuwa wameshika kompyuta zote mbili. Nikasema nitaprinti Jumatatu asubuhi kabla ya kikao. Jumatatu asubuhi stima ikapotea. Haya, nikasema, nitasoma kwa simu.

Sasa hiyo simu ni ya mkopo, zile unalipa kidogo kidogo kila siku. Siku usipolipa inajifunga yenyewe, hata ulie machozi haikusikii. Naitukana kila asubuhi, lakini ndiyo imenilisha, siwezi kudanganya. Siku hiyo nililipa nikitembea, mbiombio, nikaingia ukumbini nikiwa na jasho.

Wakaniita mbele. Nikasimama. Nikasoma, "Sisi wafanyabiashara wa soko..." Kioo kikawa cheusi. Simu hii imefungwa, tafadhali lipa.

Na nimelipa! Aki ya Mungu, nimelipa! Nikasimama hapo nikifinya kitufe, ndipo nikakumbuka. Jana yake, Jumapili, nilikuwa nimetoa sadaka kwa simu. Asubuhi, kwa haraka zangu, nikabonyeza namba iliyokuwa juu kabisa. Hela ya simu nilikuwa nimempelekea Mungu, na kwa laini haikubaki hata ya kununua andazi.

"Dada," akasema afisa wa kaunti aliyekaa mbele na tai yake, kwa upole, "utatuletea nakala ofisini." Mimi najua ofisini. Huko ndiko karatasi huenda kulala.

Hapo nikasikia sauti kutoka nyuma. "Yangu naijua!" Alikuwa muuza omena, ameshasimama. Akasema sentensi yake yote bila kukosea, na alipofika kwa mtaro mbaya akaivuta ile mbaya mpaka ukumbi ukacheka. Muuza nyanya akafuata na yake. Kisha fundi wa viatu, kisha mwenye bucha. Jameni, wote walikuwa wameshika! Kumbe kunisumbua kote kule walikuwa wanajifunza. Afisa alikuwa anaandika, kalamu inakimbia.

"Ni hayo tu?" akauliza.

Watu wote wakanigeukia. Sentensi ya Mama ilikuwa imebaki, na Mama yuko nyumbani na plasta mguuni.

"Bado," nikasema. "Kuna mama mmoja hayuko hapa kwa sababu alianguka ndani ya huo mtaro. Ameniambia niandike, sitaki pesa ya pole, nataka kitu cha kukanyaga." Hapo hasira ikanipanda, na woga sijui ulienda wapi. "Na wewe, bwana, na hivyo viatu vyako vizuri, njoo uvuke kwa huo ubao mvua ikinyesha. Ukifika ng'ambo ndio utuambie tungoje."

Mayoo! Nani alisema hayo? Ukumbi ulipiga makofi mpaka mabati yakalia. Afisa akaangalia viatu vyake, akacheka, akaandika. Na kweli wiki hiyo alikuja, akavuka akiwa amemshikilia muuza omena kwa mikono miwili.

Simiti haikuja kesho yake, hii ni serikali. Lakini ilikuja. Mweka hazina wa kanisa aliniuliza kama nirudishiwe ile hela, nikamwambia aache, imefanya kazi.

Mama alirudi asubuhi moja na fimbo, kikapu kichwani. Soko lote tulisimama kuangalia. Akafika katikati ya daraja, akasimama, akapiga chini na ule mguu uliovunjika, mara mbili. "Ni ngumu," akasema. Akarudi nyuma akavuka tena, wateja wanamngoja, hajali. Kisha akaja moja kwa moja kwa saiba yangu.

"Nimesikia uliongea," akaniambia. "Ulisema nini huko?"

Nikafungua mdomo nimwambie, na machozi yakanitangulia.

"Wacha tu," akasema. "Nimeshakanyaga."