Maksai Aliyeitwa Gavana

Nyumbani kwetu jina la yule gavana wa zamani halikutajwa mezani. Lilitajwa shambani tu, kwa sababu babu alimpa maksai wake mmoja cheo hicho. Kumtukana mkubwa wa serikali ya mkoloni kulikuwa na jela yake, lakini nani angemshtaki mtu kwa kumfokea ng'ombe? Basi kila asubuhi, kwenye shamba la mzungu karibu na Kitale alikoishi kama skwota, yaani kibarua aliyeruhusiwa kulima na kufuga hapo, babu alimchapa Gavana na kumwita mvivu, mlafi, tumbo kubwa, na roho yake ikatulia hadi kesho yake.

Gavana wa ofisini ndiye aliyesaini amri ya kupunguza mifugo ya maskwota. Babu aliambiwa achague ng'ombe au kibarua. Akachagua ng'ombe, akahamia Sirisia na watoto wake, maksai akitangulia.

Mimi nilifundisha historia Kachibora mpaka nikastaafu, na walimu wa historia tuna ugonjwa wa kusahihisha watu, hata marehemu. Mwaka jana niliazimwa nakala za karatasi za zamani, nikakuta barua ambamo gavana huyo anamwambia rafiki yake kwamba amri ile ilikuwa ya dhuluma na ilimnyima usingizi. Niliruka kitini. Nikaandika hotuba ya kuwasomea walimu wenzangu wastaafu mjini Kitale, kwamba mtu huyu tumemwonea. Nilijiona jasiri kweli kweli.

Nikaenda Sirisia kumwomba shangazi yangu, mtoto pekee wa babu aliye hai, aje aketi mbele. Mimi humwita Senge, naye huniita Papa, yaani baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake. Kwa sababu hiyo hiyo akichinja kuku firigisi ni yangu, hata wakiwepo wazee kunishinda.

Siku hiyo firigisi ilikuwa kwenye sahani yangu, nimeiweka ya mwisho. Nikamsomea hotuba yote, na vituo vyake, huku yeye akipukuchua maharagwe. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akaitoa ile firigisi, akamtupia paka.

Nina miaka sitini na kitu, na nilitaka kulia.

"Ukisoma hiyo Kitale," akasema, "jina ya baba yangu uache hapa."

Nikajitetea. Nikamweleza habari za barua, kwamba yule mtu alihuzunika, alijua kabisa ni makosa.

"Na akasaini?"

"Akasaini, Senge."

Akapukuchua kidogo. Kisha akanisimulia kwamba maksai wetu alikuwa akiiona nira asubuhi anatoa machozi, na yeye, msichana mdogo, ndiye aliyempangusa. Huyo, alisema, ndiye tuliyemwonea. Amelima shamba lote la Sirisia, amepigwa kwa makosa ya mtu asiyemjua, na hakuna aliyemwomba msamaha mpaka akafa.

"Hata yeye alikuwa anahuzunika, Papa. Lakini yeye si alikuwa amefungwa nira? Sasa huyu wako, nani alimfunga?"

Nilipekua karatasi zangu, ati natafuta jibu. Nilizipekua mpaka ya mwisho, nikazikunja.

Jumamosi alikuja Kitale, akaketi mbele na kitambaa chake cha kanisani, uso hauniambii kitu. Barua niliisoma, maana ipo, na mwalimu hafichi karatasi. Halafu nikauliza swali la Senge, nani alimfunga nira. Muda uliobaki niliutumia kumtetea maksai. Walimu walicheka mpaka mmoja akavua miwani, ila Senge hakucheka. Alikuwa anafuta macho.

Tulipotoka nje alifungua mkoba, akatoa kitu kilichofungwa kwa jani la ndizi. Ilikuwa firigisi, imekaangwa, imepoa. Alikuwa ameibeba tangu Sirisia.

"Kula, Papa."

Nilikula nimesimama pale mlangoni mbele ya walimu wenzangu, na sijawahi kula kitu kitamu namna ile. Nikamuuliza, kama ningesoma ile hotuba ya kwanza, firigisi ingekuwa ya nani.

"Kwani Kitale hakuna paka?"