Silinda Niliyoisugua Kama Sufuria

Pikapu ya marehemu baba ilikuwa inakula oili kama petroli. Hivyo ndivyo alivyosema kaka yangu kwa simu kutoka Homa Bay, kwa ile sauti aliyoirithi pamoja na shamba. Akaongeza kwamba amepata watu wa vyuma chakavu, nao watakuja Jumatatu kuikata. Pikapu yenyewe ilikuwa kwangu, Migori, ikifuka moshi wa buluu kila nilipoiwasha. Mama, aliyekuwa amekuja kukaa nami wiki mbili, alisikiliza mazungumzo yote kisha akatoa uamuzi. Jumapili anarudi nyumbani Lambwe. Pikapu ikimfikisha bila moshi, inabaki. Ikishindwa, na ikatwe.

Mtu mwenye akili angempa fundi kazi yote. Mimi nina shahada mbili, hakuna hata moja inayohusu chuma, na nilikuwa nimesoma kitabu. Jirani yangu, fundi Mkuria anayetengeneza magari na pampu za maji, alinisaidia kuitoa injini na kuifungua. Nikamshukuru, nikamwambia silinda nitazishughulikia mwenyewe. Alinitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyejipima ugonjwa kwenye simu.

Ugonjwa ulikuwa ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni na kuizuia oili isipande juu ikaungua. Zilikuwa zimelika. Mpya nilikuwa nazo, lakini kabla ya kuziweka, ukuta wa silinda husuguliwa kwanza kwa kifaa chenye vijiwe vitatu, kinachofungwa kwenye drili na kuzungushwa ndani. Kitabu kilieleza jambo hili kwa kurasa sita. Nilisoma mbili.

Jumatano asubuhi niliweka bloku, pande zito la chuma lenye matundu manne ya silinda, juu ya meza ya barazani, nikaanza. Ni lazima nieleze kwamba nilisomea Kendu Bay, nikikaa kwa nyanya, na kazi yangu ya kila jioni ilikuwa kubeba sufuria hadi ziwani na kuzisugua kwa mchanga. Nyanya alikuwa na kipimo kimoja: kama huoni meno yako kwenye sufuria, rudi majini. Basi nilisugua silinda zile kwa malezi yote niliyopewa. Drili ilipomaliza, nikapitisha msasa laini. Kufikia saa sita zilikuwa zinang'aa kama vioo, na nilimwita fundi nikitarajia kusifiwa.

Aliinama, akachungulia tundu la kwanza.

"Madam, hapa umefanya nini?"

"Nimesugua."

"Naona. Hata naweza nyolea ndevu hapa."

"Si ndiyo vizuri?"

"Kwa kunyoa, ndiyo." Akapishanisha vidole vyake. "Ukuta unataka mikwaruzo imepishana hivi. Oili inashika hapo, na ringi mpya inajikalisha hapo. Ukifunga hii hivi, utatoka hapa na moshi mpaka Rongo, watu wafikiri unachoma makaa."

Mama alikuwa kwenye kigoda akichambua maharagwe. Alicheka hadi akaweka ungo chini.

"Fundi, huyu hajawahi kandika nyumba," alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi nilipeleka yeye shule."

Kisha akanigeukia kwa Dholuo. "Nyara," alisema, yaani binti yangu, anavyoniita ninapomhuzunisha, "udongo wa kwanza ukutani tunaukwaruza kwa vidole ungali mbichi. Ukiulainisha, udongo wa pili utashika nini? Mvua moja tu, wote uko chini." Akarudi kwenye maharagwe yake. Kurasa nne nilizoruka zilikuwa zimekwisha kuelezwa.

Fundi alitumbukiza ringi moja mpya ndani ya silinda, akapima mwanya kati ya ncha zake kwa vibati vyembamba. Alirudia kwenye matundu yote manne.

"Una bahati, bado iko sawa. Lakini kila ukisugua, tundu linapanuka. Likizidi, hizi ringi hazitafaa, na kubwa zaidi hapa Migori hupati kabla ya Jumapili. Imebaki mara moja tu. Lete nifanye."

Jibu la busara lilikuwa moja, nami nikalikataa. Baba aliwafundisha kaka zangu kuendesha pikapu ile. Mimi aliniketisha katikati na kunifundisha kusoma kwa sauti vibao vya barabarani. Nilikuwa nimesoma vya kutosha.

"Nitafanya mimi," nikasema.

"Basi kwanza utafanya kwa hii," alisema, akarudi na silinda ya pampu iliyokufa zamani.

Jioni ile yote na Alhamisi asubuhi niliikwaruza ile maiti. Drili izunguke polepole, mikono ipande na kushuka haraka, bila kusimama na bila kuchomoa vijiwe nje. Nikichelewa, mistari ililala. Nikiharakisha mno, ilisimama wima. Mabega yaliniwaka. Fundi alipita, akachungulia, akasema "bado" na kuondoka, mara tano. Mara ya sita alinisaidia kuirudisha bloku mezani.

Kwenye tundu la kwanza nilipunguza mwendo nisije nikaliharibu.

"Usisimame," mama alisema nyuma yangu. "Udongo unakauka."

Sikusimama. Nilipomaliza la nne, mistari ilikuwa imepishana ukutani kama ukili wa mkeka. Fundi alipima tena. Mwanya ulikuwa umefika kwenye ukomo wake bila kuuvuka.

"Sasa osha," alisema. "Vumbi la vijiwe likibaki, litakula injini."

Mama alikwisha kuinuka. "Hapo sasa ndipo pa sufuria," alisema, akakunja mikono ya gauni. Tuliosha kwa maji moto na sabuni, yeye akipangusa kwa kitambaa chake cheupe cha kanisani. Kilitoka kijivu mara tatu, kila mara akakifua. Mara ya nne kilitoka cheupe, tukapaka oili upesi kabla kutu haijaingia.

Ijumaa na Jumamosi mimi na fundi tuliifunga injini na kuirudisha mahali pake. Jumapili tuliondoka asubuhi. Hadi Rongo kulikuwa na moshi kidogo nyuma yetu. Fundi alikuwa ameniambia ringi mpya huchukua mwendo kujikalisha, lakini mama sikumwambia, nikaanza kusifia mashamba ya miwa. Yeye hakuyatazama. Alikuwa na macho kwenye kioo cha pembeni tangu Migori.

Tulipoufikia mteremko wa Homa Bay, nami nilikitazama kile kioo. Nyuma yetu kulikuwa na barabara na watu waliokuwa wakienda kanisani. Mama aliendelea kuangalia hadi tukaingia bonde la Lambwe, hadi tukasimama mbele ya mlango wake, injini ikinguruma bila moshi. Hapo akatoa simu, akampigia kaka yangu.

"Hao watu wako wa vyuma, waambie waje Jumatatu," alisema. "Nina sufuria mbili zilizotoboka."