Nilisikia Sauti ya Mnyama, Nikamfukuza Mdogo Wangu

Niwaambie tu bila kuzunguka: nilimharibia mdogo wangu maisha. Nilifanya hivyo nikiwa na akili timamu, nimefunga kitambaa cha kanisa kichwani. Mnihukumu mkitaka. Mimi nimeshajihukumu.

Jina lake sitalitaja. Nitamwita Barasa. Mama yetu alipofariki, Barasa alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Nilimlea mimi, hapa Kitale, nikiuza mitumba sokoni. Jioni tukimaliza ugali nilikuwa namsomea Biblia ya mama. Ati hadithi za Yusufu na Daudi hakutaka! Alitaka Ufunuo tu. Joka, farasi, yule mnyama anayetoka baharini. "Dada, soma tena pale pa farasi." Nami nasoma.

Akakua, akapata nafasi ya kusomea umeme katika chuo kimoja Bungoma. Hiyo ilikuwa miaka ya elfu mbili, CD zimeanza kuzagaa, na kila mtu ana hadithi yake ya waabudu shetani. Ati wako mashuleni. Ati ukiwaangalia miguuni utaona kwato. Tuliziamini zote, bana.

Likizo ya kwanza alirudi mtu mwingine. Nywele hajakata, macho amepaka wanja, mwanamume mzima! Kwenye beli zangu za mitumba akawa anachagua nguo nyeusi tu. Koti jeusi, shati jeusi, buti nyeusi. Nikamuuliza, "Kwani kuna matanga?" Akacheka. Ukutani mwa chumba chake akachora farasi wanne, mmoja rangi ya maiti. Jirani yangu alipouona ule ukuta alishika kifua. "Wee, huyu mtoto bado ni wako kweli?"

Siku moja mchana nikasikia sauti chumbani kwake. Si sauti ya mtu! Kitu kilikuwa kinanguruma kama ng'ombe anayechinjwa, kikisema kimetoka baharini na dunia yote itakipigia magoti. Juu yake msichana anaimba, sauti nyembamba ya kanisani, kama mtu anayelia kaburini. Nywele zilinisimama. Nikasukuma mlango.

"Hii ni nini?"

"Ni muziki, dada. Inaitwa gothiki metali, ya magitaa mazito na kunguruma. Tunatengeneza albamu, mimi na wenzangu kule Bungoma. Nyimbo zote ni hadithi moja, toka mwanzo hadi mwisho."

"Hadithi ya nini?"

"Ya mwisho wa dunia." Akazima redio. "Usisikize nusu nusu. Ngoja tumalize, utasikia yote."

Kwa nini azime? Anaficha nini? Hilo swali lilikataa kunitoka. Nikaanza kumchunguza. Tukiomba kabla ya kula, nafungua jicho moja nione kama amefumba macho yake. Akienda kuoga, nanusa koti lake. Aliomba vilevile kama zamani, na mimi nikajiambia, anajifanya.

Yule jirani akanipeleka kwa nabii mmoja Kamukuywa. Nabii akaniuliza, "Una mtoto?" Nikasema ninaye mmoja, Sharon, yuko nasari. Akatikisa kichwa, akatikisa tena. "Mlinde huyo mtoto." Basi! Hakusema lingine. Yaliyobaki nilijaza mwenyewe.

Siku chache baadaye mvua ilinirudisha mapema kutoka sokoni. Namkuta Sharon amekaa kwenye kitanda cha mjomba wake, kipaza sauti mdomoni. Barasa amepiga magoti mbele yake. "Sema tena, polepole." Na mtoto wangu akasema, "Mama, amka. Kumekucha."

Mama! Mama ni nani kama si mimi? Niliona kifo changu kimeshapangwa mle ndani. Nilimpiga Barasa kofi, nikatupa nguo zake nje kwenye matope, wapangaji wa plot nzima wakitazama.

"Dada, nisikize kwanza..."

"Usiniite dada! Nenda kwa shetani wako!"

Akaokota koti lake, akarudi Bungoma.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nikalia, watu wakalia. Jumamosi wazee wa kanisa na vijana wao wakanisindikiza hadi Bungoma, kwenye nyumba ya kupanga ambako Barasa na wenzake walikuwa wanafanyia mazoezi. Hodi hatukupiga. Vijana wakavunja gitaa, wakapasua kompyuta kwa jiwe, CD zikachomwa uani. Kiberiti nilitoa mimi. Mimi! Landilodi naye akawafukuza wote siku hiyo hiyo.

Yule msichana mwenye sauti nyembamba, nitamwita Nekesa, alikuwa amesimama kando ya moto. Kumbe ni mwimbaji wa kwaya! Akaniuliza, "Wewe ndiye dada yake? Ndiye ulikuwa unamsomea?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wimbo wa mwisho ulikuwa wa mama yenu," akasema. "Mnyama anashindwa. Halafu kunakucha, wafu wanaamka, na mtoto anaenda kaburini kumwamsha mama yake. Alitaka sauti ya Sharon kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mdogo hivyo mama alipokufa. Alikuwa akuletee Krismasi."

Nikamgeukia Barasa, aliyesimama mlangoni. "Kwa nini hukuniambia?"

"Si nilikuambia ungoje."



Nakala nyingine ya albamu haikuwepo. Habari zilifika chuoni, akaambiwa akae nje kwanza, na hawakumwita tena. Siku hizi anaunganisha stima kwenye nyumba za watu hukohuko Bungoma. Gitaa hajashika tena. Nabii alishahama Kamukuywa. Niliwaomba wazee wa kanisa tuende pamoja tukaungame. Wakaniambia mambo ya zamani tuyaache.

Nimeenda kwake peke yangu, tena na tena. Ananipa kiti. Ananiuliza kama mahindi ya Kitale yamepata mvua. Ananipa chai. "Karibu, Mama Sharon." Jamani, Mama Sharon! Mimi niliyemfunga kamba za viatu! Neno dada alilitupa siku ile nilipomwambia alitupe, na mpaka leo hajaliokota.

Nyinyi mnaolea, nawasihi. Mtoto akiingia nyumbani na kitu kinachokutisha, usikimbilie kwa jirani wala kwa nabii. Ingia chumbani kwake. Keti kitandani, mwambie aucheze wimbo wote mpaka uishe. Ukiogopa, ogopa ukiwa umekaa karibu naye.