Jina Lililopigwa Darini

Enzi zetu, sisi tulioota meno ya pili kabla baiskeli ya kwanza haijafika mtoni, nyumba kubwa ilikuwa kitu cha kuogopwa. Siku hizi kijana akiona nyumba kubwa anauliza mwenyewe ni nani na kama ana binti. Sisi tulikuwa tukiuliza ndani ya ukuta kuna nani, kisha tunapita upande wa pili wa njia.

Kwetu ni Ngao, lakini mwaka mmoja Mto Tana ulifurika ukala mpunga na migomba yote. Baba akabaki kulinda yaliyosalia. Mama akatupakia kwenye mtumbwi, mimi na mdogo wangu Jilo, tukateremka hadi Kipini kwa shangazi. Nilikuwa na miaka tisa hivi, Jilo sita. Kwa watoto wa nyumba za nyasi mji ule ulikuwa maajabu matupu, na ajabu kuu lilikuwa Jumba la Zidaka. Ukuta wa ukumbi wake ulikuwa umejaa zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa kwenye chokaa, safu juu ya safu, vya kuwekea vyombo vya kaure. Tulikuwa tukichungulia kutoka barazani na kuvihesabu, na hakuna aliyepata idadi ile ile mara mbili. Walisema ndani mna chumba kisicho na mlango, na kwamba adhuhuri ya Ijumaa harufu ya udi hutoka ukutani bila mtu kufukiza. Jilo aliapa kwamba alisikia ukuta ukikohoa. Mtoto yule alikuwa mwongo tangu tumboni, lakini hilo tulimwamini.

Mwaka huo dari ya jumba, lile paa lake bapa, ilikuwa ikitengenezwa upya, na mama na shangazi wakaitwa kazini. Wenye umri wangu mnaikumbuka kazi ile. Wanaume walipanga boriti za mikoko na mawe, wakamwaga chokaa na kokoto, kisha wakaenda zao kuzungumza. Yaliyobaki yalikuwa ya wanawake. Walipiga magoti kwa safu juu ya dari, kila mmoja na kipande chake cha mti mkononi, wakaipiga ile chokaa kutwa nzima, siku baada ya siku, mpaka iwe ngumu isipitishe hata tone la mvua. Waliipiga kwa wimbo, maana bila wimbo mkono huchoka na mapigo hupotea. Sisi wasichana tulipandisha maji, kisha tukapiga magoti kando yao tukasaidia kupiga, na magoti yetu yalikuwa meupe kwa chokaa mpaka jioni.

Mwimbishaji alikuwa Mwana Esha, mwanamke wa Kipini, mnene, mcheshi, asiyemwogopa mtu. Alimwimba yeyote aliyemtaka: mume mvivu, mke mwenza, hata mwenye jumba akiwa amesimama pale pale. Mwiko ulikuwa mmoja tu. Jina la mtoto halikutajwa mpaka chokaa ikauke. Jumba lile, walisema, hushika jina linalopigwa ndani yake, na mwenye jina hulifuata.

Niliujua mwiko huo vizuri. Lakini siku ile Mwana Esha alinipa mkate wa mofa, nikauweka kivulini, nikaenda kuteka maji. Niliporudi Jilo alikuwa ameumaliza na analamba vidole. Nilikuwa na njaa, na hasira ilinipanda mpaka machozi yakanitoka. Mchana huo huo Mwana Esha akatupa wasichana zamu ya kuanzisha wimbo. Zamu yangu ilipofika nikapaza sauti:

“Jilo mlafi, lala humu!”

Kundi zima likaitikia “Lala humu!” na vipande vikashuka pamoja, kabla masikio hayajatambua kinywa kimesema nini. Kipande cha mama peke yake kilikuwa bado kiko juu. Mwana Esha akadakia ubeti mwingine haraka haraka, na kazi ikaendelea.

Siku ya tatu Jilo akashikwa na homa. Alitetemeka juani, akakataa chakula, na Jilo kukataa chakula hatukuwahi kuona. Mama alimwogesha kwa maji ya mvumbasi na hakunipiga wala kunikaripia. Angenipiga ningeshukuru. Nililala kando ya mdogo wangu nikisikiliza pumzi zake, nikijua nimemuua kwa ajili ya mkate mmoja.

Adhuhuri iliyofuata, watu wakiwa kwenye swala, nilichukua kisu cha shangazi nikaingia jumbani peke yangu. Nilipita mbele ya vile vishubaka vyote nikiwa nimefumba jicho moja. Juu darini chokaa ilikuwa imefunikwa mikeka iliyoloweshwa maji. Nikaitafuta sehemu niliyokuwa nimepiga magoti, nikafunua mkeka, nikaanza kuchimba.

Mwana Esha alinikuta shimo limefikia upana wa sahani. Alikuwa amepanda na mtungi, kuja kuilowesha mikeka.

“Ndoo hapa, mwanangu,” akaniita kwa mkono. “Watenda nini huku yuu?”

“Namtoa Jilo.”

Alilitazama shimo, akanitazama mimi, asicheke. “Umeitoboa dari ya watu. Tundu hili huzibwa kwa chokaa mpya, na chokaa mpya yataka kupigwa. Kawaite wanawake wote, na mama yako aje. Wimbo utaanda wewe, kama ulivyouanda siku ile.”

Wakaja, mama naye akaja, amemwachia shangazi mgonjwa. Nikapaza sauti, “Jilo, inuka, twende Ngao!” Wakaitikia “Twende Ngao!” na sauti ya mama ikawa juu kuliko zote, mpaka ikakatika akabaki kupiga tu.

Kesho yake jioni Jilo alitoka jasho, akafumbua macho, akauliza kama kuna mkate.

Vijana wa sasa, wenye viatu na majibu, wananiambia ilikuwa homa ya mbu tu. Haya. Wao hujenga nyumba kwa mabati na misumari, wanaume wawili, alasiri imekwisha, na hakuna aliyeimba hata neno. Jumba lenyewe limebomoka. Mbuzi wanalala ukumbini, na watoto wanaingia na kutoka bila hofu wala adabu.

Kiangazi hiki Jilo amefariki, mzee mwenye meno manne na wajukuu wasiohesabika. Vijana walinifariji vizuri. Walisema ni umri tu, Nyanya, hakuna aliyekosea. Ni kweli. Nilikaa mkekani siku tatu nikitafuta neno baya lolote nililomwambia, nisilipate, na hapo ndipo nilipolia, maana kama lingekuwepo ningejua pa kuchimba.