Daktari wa Simu na Tablete ya Kampuni

Zamani kampuni ilipotaka kumhamisha mtu ilimtuma mkubwa mwenye jina, akaketi kwenye kiti chako na kukutazama machoni. Leo inatuma kibao cha kioo, nacho hakina macho.

Wanakiita tablete. Naandika habari za mtu aliyekipenda kuliko nyumba yake: Ntambwe, jirani yangu, fundi wa simu. Babu yake na baba yangu waliletwa kutoka Kasai kwa treni moja kuja kuchimba shaba hapa Kolwezi, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Karakana yake ilikuwa chumba cha matofali alichojijengea mbele ya nyumba. Kwenye mlango wa chuma aliandika kwa rangi nyekundu: DOCTEUR WA TELEFONE. Ukimpelekea simu, unapewa hotuba kwanza. Batri iliyogandishwa kwa gundi ni matusi: kobalti imetoka chini ya miguu yetu, inaturudia imefungwa tusiiguse. Programu inayojibadilisha bila kukuuliza ni mwizi aliyeingia kwa ufunguo. Hapo tulielewana. Tuligombana kwenye hadithi.

Mimi shule niliiacha mapema. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba ya wafanyakazi, kabla hawajaigeuza ghala la saruji. Napenda riwaya yenye mtu mbaya unayeweza kumlaani kwa jina. Ntambwe alipenda filamu za roboti, na hata hizo alizisahihisha.

"Tata Mulumba, mu filme zote baroboti banaasi, banaua bantu. Bongo, uongo mutupu! Roboti hataasi. Atakuwa sawa agent wa bureau, atakuomba karatasi tu. Na mbona hakuna hata moja anatafuta courant ya kuchaji batri yake?"

"Basi unazitazamia nini?"

"Juu ya mashine. Mashine haina ndugu, tata. Haiombi maharagi ya batoto sawa bakubwa benu ba zamani."

Waliomba, kweli. Lakini mkubwa mla rushwa ungeweza kumngoja njiani. Kibao utakingoja wapi?

Kisha mgodi ukafika kwetu. Kampuni moja, zote kofia zao ni zilezile, iliutaka mtaa wetu wa Manika, upande wa Mutoshi. Ikatuma vijana na tablete moja waandikishe nyumba. Wakili tuliyepewa na parokia alipata sharti moja: kazi iishe Ijumaa. Isipoisha, inafutwa, na wakubwa wenyewe waje kuketi nasi, uso kwa uso.

Ijumaa asubuhi tablete ikazimika. Ilizimikia nyumbani kwa Ntambwe.

Binti aliyeibeba aliitikisa, akaibonyeza, akaipulizia. Mtaa mzima ulinyamaza kwa furaha. Mujinga, mke wa Ntambwe, alimletea kiti na maji.

"Pumuzika, mama. Kazi haina miguu, haitakimbia."

Ntambwe akatoka karakanani akipangusa mikono. "Iko na nini?"

Nikamshika shati. "Ingia ndani."

"Ni batri imevimba, tata. Angalia mugongo yake! Tunaacha inakufa hivi hivi?"

"Iache ife!"

"Mi ni docteur. Docteur haachaki mugonjwa mu lupango, mu nyumba yake."

"Tata Darlène," Mujinga akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "ukigusa ile kitu, mi narudia kwetu!"

"Kwenu wapi? Weye ulizalikia hapa Manika!"

Watu wakacheka. Ndicho kicheko cha mwisho nilichokisikia katika mtaa ule.

Aliilegeza gundi kwa kikausha nywele cha mkewe, akaifungua kwa kipande cha kadi, akaitia batri nyingine. Kioo kikawaka. Akakitazama kama baba aliyeonyeshwa mtoto mchanga. Binti akamshukuru, akaanza na yeye. Nyumba, ipo. Choo, kipo. Miti ya matunda, ipo. Akafika kwenye karakana, akatafuta kwa kidole, juu, chini.

"Papa, atelye haiko."

"Haiko namna gani? Uko unasimama mu mulango yake!"

"Mu tablete haiko. Nitaweka kibanda."

"Kibanda cha matofali? Ita mukubwa yako."

"Naye hawezi kubadirisha, papa. Programu inatoka mbali."

Mtu aliyejua kwamba roboti atakuomba karatasi tu alisimama na bisibisi mkononi, akabonyeza kidole gumba pale alipoonyeshwa. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umemalizwa. Kwa fidia ya kibanda hujengi karakana mahali popote Kolwezi, na kwa fidia za wengine wetu hujengi hata kibanda.

Nilimtukana mbele ya watu kwa maneno yote niliyowahi kuyasoma. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Tata, kosa si ya mashine. Ni ya mutu aliandika programu."

"Jina lake nani?"

Hakuwa nalo. Mimi pia sina. Nimezeeka nikiwa na laana zilizo tayari na sina wa kumpa, isipokuwa yeye.

Mara ya mwisho kuwaona walikuwa juu ya kamioni ya kwenda Fungurume, katikati ya magodoro. Mujinga alikuwa amempa mumewe mgongo, ameukumbatia ule mlango wa chuma aliokataa kuuacha. Ntambwe alikuwa na simu ya dereva mapajani, imefunguliwa, anaikagua kwa jicho moja. Kamioni ilipong'oka, Mujinga alinipungia mkono. Yeye hakuinua kichwa.