Majina Yaliyovuka Bonde

Dilsari Gharti alipochaguliwa kuwa mjumbe wa kata, watu wa kitongoji cha Okhle walimpa pole badala ya hongera. Kiti chenyewe, walisema, sheria imekitenga kwa ajili ya mwanamke, sasa angekikalia nani mwingine? "Umewekwa upendezeshe picha," mzee mmoja alimwambia mbele ya watu, naye akacheka pamoja nao, maana kucheka kulikuwa rahisi kuliko kujibu. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Mumewe alikuwa Katar akifunga nondo kwenye maghorofa, mwanawe akisoma mjini, na nyumbani walibaki wawili tu, yeye na baba mkwe. Shule aliishia darasa la tano. Lakini kitu kimoja alikuwa nacho ambacho mwenyekiti wa kata na digrii yake hakuwa nacho: koo. Tangu usichana, akikata majani ya ng'ombe msituni, aliimba upande huu wa bonde akaitikiwa upande ule.

Na kazi ya mjumbe, ukiiondolea vikao na picha, ni nini? Ni kuwaambia watu. Malipo ya wazee yametoka. Chanjo ya mbuzi ni Jumanne. Kikao kikiisha, Dilsari alipanda mlima nyumba kwa nyumba, akanywa chai sita, akarudia maneno yaleyale mpaka bibi kiziwi wa nyumba ya mwisho akubali kuwa amesikia. Wenzake walimcheka kwa hilo pia. Wacheke, lakini Okhle hakuna mtu aliyewahi kukosa chanjo ya mbuzi.

Basi ikaja korona na amri zake. Leo soko limefungwa, kesho linafunguliwa kwa saa mbili tu, keshokutwa hakuna kutoka kitongoji kimoja kwenda kingine. Wanaume waliorudi kutoka India kwa miguu waliwekwa karantini katika shule ya chini, ng'ambo ya Okhle, na kata ikatafuta wa kuwapikia. Nani atakubali? Dilsari akakubali. Alipogawa sahani ya kwanza tu, akawa na yeye haruhusiwi kurudi nyumbani mpaka siku kumi na nne zipite. Amri hiyo aliitangaza kwa mdomo wake mwenyewe, angeivunjaje?

Siku ya tisa, msaada ukafika. Kila kaya mchele kilo thelathini, dengu, mafuta, chumvi na sabuni. Sharti lilikuwa moja: mkuu wa kaya aitwe kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye cheti cha uraia, aitike kwa kinywa chake, karani asikie. Msicheke. Mwaka wa maporomoko marehemu kumi na wawili walipokea mablanketi. Mwisho wa kuandikisha, Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Okhle zilikuwa kaya kumi na tisa. Simu hazishiki kule. Kutoka shuleni hadi Okhle ukitembea ni saa moja na nusu, na kutembea kumekatazwa; ukipaza sauti ni pumzi moja tu. Hela za Katar na India zilikuwa zimekatika tangu mwezi uliopita, na mahindi ya maghalani yalikuwa yamefika sakafuni. Bila mchele ule, mavuno yangewakuta watu wamekula mbegu.

Kata ikamtuma mzee Haste, mpiga mbiu. Alhamisi asubuhi alisimama kwenye mwamba juu ya shule akaita mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Hakuja mtu. Hakuitika mtu. Dilsari aliona kwa macho yake milango ya Okhle ikifungwa mmoja mmoja, na wanaume wakipotelea msituni na mashoka kana kwamba wamekumbuka kuni ghafla.

"Uliwaambia ni mchele?" alimuuliza.

"Niliwaambia! Ila mwishoni."

"Mwishoni kwa nini, mzee wangu?"

"Mbiu ina taratibu zake, mama. Kwanza unaita. Pili unasema kila nyumba itoe mkuu wa kaya. Tatu ndiyo unataja jambo. Wale jamaa, kwenye la pili tu, washaingia msituni."

Dilsari alishika kiuno. Wangekosaje kukimbia? La mgambo likilia kuna jambo, na huku kwetu jambo lenyewe ni moja: njia imebomoka, njoo na jembe, asiyekuja faini. Miaka thelathini sauti ya Haste haijawahi kumletea mtu hata punje. Na akitaja majina ndiyo mbaya zaidi, watadhani ni orodha ya wanaotozwa.

Ijumaa adhuhuri alipanda mwamba ule mwenyewe, na Prem, karani wa kata, nyuma yake kwa mbali na kitabu.

"Baba Suntali-i-i!" Dilsari aliita.

"Subiri," karani alisema. "Baba Suntali ndiye nani? Okhle kuna akina Suntali wanne. Nataka jina la kwenye cheti."

"Karani, mimi nimeolewa pale! Wale wote ni wakwe zangu. Mkaza mwana ataitaje majina ya wakwe zake, tena juu ya mwamba?"

"Sasa mimi nifanyeje, dada? Kitabu hakina nafasi ya ukwe."

Alitazama ng'ambo. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyumba tatu tu kati ya kumi na tisa, saa ya kupika chakula cha mchana. Bora lawama kuliko fedheha, alijisemea, akavuta pumzi.

"Kulman Pun-n-n!"

Huyo alikuwa kaka mkubwa wa baba mkwe wake. Mlango ulifunguliwa kwa kishindo, mzee akatoka na kofia mkononi.

"Nani huyo mwendawazimu anayeniita kama anaita mbwa wake?"

"Ni mimi, baba mkubwa! Mkaza mwana wenu!"

"Lo! Umelewa?"

"Sijalewa! Nisamehe mara mia! Kuna mchele, kilo thelathini! Sema 'nipo' karani akusikie!"

"Siyo kuchimba njia?"

"Siyo kuchimba njia!"

Mzee akavaa kofia yake. "Basi nipo! Na adabu huna!"

Karani akaandika. Adabu hakuiandika.

Baada ya hapo Okhle nzima ilimwagika nje, si kwa ajili ya mchele kwanza, bali kuisikia aibu. Mkaza mwana anawaita wakwe zake majina yao! Wazee walitoka wakifoka, wakaambiwa mchele, wakaitika huku bado wanafoka. Dilsari aliwapigia kelele wasimame mbalimbali, urefu wa mpini wa jembe kati ya mtu na mtu, wakasimama. Wake zao walikuwa wamekufa kwa kicheko, maana na wao majina hayo hawajawahi kuyatia mdomoni. "Dada, mwite na wangu!" mmoja alipaza sauti. "Nisikie linavyotamkwa!" Na aliyeitwa akatoka mbio kabla mkewe hajacheka zaidi.

Kufikia saa kumi zilikuwa zimeandikwa kaya kumi na nane. Ikabaki moja, ya kwake.

Baba mkwe wake alikuwa amekaa uani tangu adhuhuri, amelipa bonde kisogo. Yote ameyasikia. Huku kwetu jina la baba mkwe hata neno linalofanana nalo mke wa mtu hulikwepa, na miaka ishirini na miwili Dilsari alikuwa amelikwepa. Kumi na nane wanatosha, aliwaza. Nitalaumiwa na wakwe wote, lakini si na yeye. Kisha akakumbuka ghala: mahindi yaliyokuwemo alikuwa ameyapima kwa mikono yake kabla ya kushuka, na hesabu ilimwambia yanaisha wiki hii. Mzee yule angelala njaa mwezi mzima kuliko kubisha hodi kwa kaka yake na bakuli. Alimjua.

Kulman alimwendea mdogo wake, akasimama kwa mbali kama alivyoagizwa, wakazungumza. Kisha akageukia bonde.

"Anasema yeye hajaitwa na mjumbe! Anasema wengine wote wameitwa!"

Hakuna aliyejua mzee amekasirika au vipi, na Dilsari hakujua zaidi yao. Alifumba macho.

"Jasbir Pun-n-n!"

Jina lilikwenda, likagonga mlima, likarudi. Mzee akainuka taratibu, akageuka. Tangu Dilsari aolewe, mle ndani yeye ni mkaza mwana tu, "wewe mkaza mwana leta maji, wewe mkaza mwana funga ng'ombe." Nyumbani jina lake ni mumewe tu aliyelitaja, na hata huyo hulisema kwenye simu.

"Dilsari Gharti-i-i!" mzee aliita, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani mtu. "Mjumbe wetu! Jasbir Pun nipo! Andika!"

Kisha akaongeza, "Na chumvi wasilete ile ya mawe!"

"Kumi na tisa," karani alisema, akafunga kitabu. Dilsari alikuwa analia waziwazi mbele ya pande zote mbili za bonde, na wala hakujifuta.