Ini la Mchuzi wa Sista Luz

Jirani yangu hapa Musoma hupika maini kila Jumamosi. Ukuta wetu ni mmoja, kwa hiyo akikaanga yeye, nashiba harufu mimi. Huanza vitunguu saumu, hufuata nyanya, halafu maini yanamwagwa kwenye mafuta na kutoa ile harufu yao nzito, kama sarafu iliyokaa mkononi muda mrefu. Watu husema harufu ya chakula humrudisha mtu utotoni akatabasamu. Mimi hunirudisha kwetu Kabasa, Bunda, na hufunga dirisha kwa hasira. Nina mvi za kuficha kwa kilemba sasa, na bado nakasirika. Nipe sikio nikueleze, halafu uamue mwenyewe kama nina makosa.

Mama yangu alikuwa mpishi wa masista waliokuwa na zahanati jirani na kwetu, pale Bunda mjini. Mmoja wao, Sista Luz, alikuwa nesi kutoka Ufilipino, mfupi, mwepesi wa mkono, anakuchoma sindano ukiwa bado unauliza iko wapi. Sisi watoto tulimwita Mzungu, maana kwetu kila asiyekuwa Mwafrika alikuwa mzungu, na mama alitufinya masikio kwa ajili hiyo. Krismasi na Pasaka Sista Luz aliingia jikoni mwenyewe na kumwambia mama apumzike. Mama hakujua kupumzika. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akatazama.

Alichokitazama kilikuwa mchuzi wa nguruwe wa kwao kina Sista, unaoitwa menudo, na mama akauita minudo mpaka anaingia kaburini. Nyama inakatwa vipande vidogo vidogo, inalazwa kwenye ndimu na soya sosi, inakaangwa na vitunguu saumu, halafu nyanya nyingi, viazi, karoti, pilipili hoho, na zabibu kavu ukizipata. Lakini roho ya mchuzi ni ini. Nusu linakatwa, nusu linapondwa mpaka liyeyuke ndani ya nyanya, na hapo ndipo mchuzi unakuwa mzito na mwekundu wa kuiva. Mama aliyajua yote hayo kwa macho matupu. Hakuna aliyemwandikia hata mstari mmoja.

Nyumbani tulikuwa na nguruwe. Ninaposema tulikuwa naye, nina maana ya mama na mimi. Mama alimbebea mabaki kutoka jikoni kwa masista, na mimi nilifuata machicha kwa wauza pombe, ndoo kichwani, yale maji yake machachu yakinitiririkia shingoni mpaka kwenye sare ya shule. Jina langu ni Wakuru, lakini darasani waliniita Mama Nguruwe. Baba alikuwa mwalimu, mtu wa kalamu mfukoni, na sikumbuki kumwona akikaribia lile banda, isipokuwa siku moja alipokwenda kulalamika kwamba linanuka.

Nilikuwa darasa la nne wakati Sista Luz alipofiwa na mama yake mzazi. Taarifa ilikuja kwa simu, na hata angepanda ndege siku ileile, angekuta wameshazika. Basi kina mama wa mtaani wakafanya wanachokifanya kwa kila mfiwa. Walitandika mikeka kwenye baraza ya masista, wakakaa naye, wakaimba kwa sauti ya chini. Walileta ugali, walileta sato wa kuchemsha, walileta uji wa ulezi. Sista aliwashukuru mmoja mmoja, akanywa chai ya rangi, basi. Siku ya tatu alikuwa anatembea kwa kushika ukuta, na mama akarudi nyumbani akasimama mbele ya banda, akamtazama nguruwe tuliyemweka kwa ajili ya Pasaka.

"Mfiwa asipokula, msiba unamla yeye," alisema, na sikujua kama anamwambia nguruwe au ananiambia mimi.

Baba hakukataa. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: alimtafuta mchinjaji mwenyewe, na asubuhi ya Ijumaa nguruwe alikuwa juu ya majani ya migomba. Mimi nilishika beseni. Naomba uikumbuke sehemu hii, kwa sababu ndiyo kesi yenyewe. Mchinjaji alikuwa ametoka kuosha visu. Tulikuwa watatu tu: baba, mama na mimi. Mama alisema kwa upole kwamba analihitaji ini lote, bila ini mchuzi ule hautakuwa wa kwao Sista.

"Chukua," baba akasema. "Kaka nitaongea naye mimi."

Akalinyanyua kwa mikono yake akaliweka kwenye beseni. Lilikuwa bado la moto. Nililihisi joto lake kupitia chini ya bati.

Huyo kaka alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekaa Mugeta na ng'ombe wake. Kwetu mnyama akichinjwa kila kiungo kina mwenyewe, na ini ni la mkubwa wa ukoo. Hilo nalijua na sina ugomvi nalo. Ng'ombe, sawa. Mbuzi, sawa. Lakini nguruwe? Nguruwe wa kufuga ameletwa juzi tu. Babu wa babu yangu hakuwahi kumwona huyu mnyama hata kwa mbali, sasa desturi ya ini lake aliiacha lini, na alimwachia nani? Nimewauliza wazee watatu kwa nyakati tofauti. Wote wamekohoa.

Mama alipika nje, juu ya mafiga, kwa sababu jikoni kulikuwa na moshi na alitaka kuona rangi. Nilikaa kwenye kinu kilicholazwa chini, nikimenya viazi. Soya sosi alipewa na sista mwingine, chupa imebaki kidole kimoja, akaisuuza kwa maji ili isibaki hata tone. Zabibu hazikuwepo Bunda nzima. Alisimama kidogo akifikiri, akaweka kijiko cha sukari, akaonja, akatikisa kichwa, akaweka nusu nyingine. Ini alilokuwa amelichemsha kidogo alilitwanga kwa mwiko kwenye bakuli, akalimimina, na ule mchuzi ukabadilika mbele ya macho yangu. Majirani watatu walipita kuomba chumvi ambayo hawakuihitaji.

Tuliupeleka kwa masista ndani ya hotpoti, pamoja na wali. Sista Luz alichukua kijiko kwa adabu tu, kama alivyofanya kwa vyakula vyote. Akaweka mdomoni. Akakishusha kijiko, akamgeukia mama.

"Mama Wakuru, umeweka ini?"

"Nimeweka lote, Sista."

Basi akalia. Siku tatu alikuwa akiwafariji wanaomfariji, na sasa alilia waziwazi, mabega yakitikisika, huku anakula. Alikula sahani mbili. Kina mama barazani waliacha kuimba, mmoja akafuta macho kwa ncha ya kanga, akauliza kama umebaki kidogo. Mama alirudi nyumbani anatembea haraka, hotpoti tupu mkononi, na njiani alicheka peke yake. Sikuwahi kumwona hivyo kabla ya hapo, na sikumwona tena.

Nyumbani tulimkuta baba mkubwa. Hatujui nani alimpa habari. Pua yake ilikuwa inafika Kabasa kabla ya baiskeli yake. Alikuwa amekalia kiti cha baba, mbele yake sahani ya mbavu za kuchoma aliyokwisha kuisafisha, mifupa imepangwa pembeni. Alimsalimia mama vizuri. Halafu akaomba ini.

Mama alimtazama baba. Baba alikuwa anafuta miwani yake. Mama akasema ini amelipikia mfiwa, na akangoja. Baba aliendelea kufuta miwani. Huyu ni mwalimu ambaye sauti yake ilisikika mpaka barabarani akiwa darasani, mtu aliyewachapa wanafunzi kwa kosa la kujua jibu na kunyamaza. Nilimwona akiivaa miwani, akaivua tena, akaanza kuifuta upya.

Jumapili baada ya misa kikaitwa kikao cha ukoo, pale pale nyumbani kwetu. Nisingepaswa kuwepo, lakini nilitumwa kuleta maji ya kunawa, na mama akanivuta nikae naye kwenye mkeka. Alinishika kifundo cha mkono. Baba mkubwa alizungumza bila kupaza sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mwanamke anakatakataga ini la ukoo, anapelekea wageni, tena bila ruhusa," alisema. "Tangu lini? Huko kwa masista wanamfundishaga kiburi."

Bila ruhusa. Nilimgeukia baba. Nilikuwa na miaka kumi, na niliamini kwa moyo wangu wote kwamba sasa atasema. Alikuwa na maneno matatu tu ya kusema: mimi ndiye niliyempa. Nilimhesabia kabisa kichwani. Alitazama vidole vya miguu yake. Mimi nikafungua mdomo, na mama akanikaza mkono mpaka kucha zikaingia.

Mama alipiga magoti, akaomba radhi. Alitoa tetea wake mwenye vifaranga saba. Na kikao kikaamua aache kazi ya kwa masista, kwa sababu huko ndiko alikojifunza kuchukua visivyo vyake. Baba akaitikia kwa kichwa. Jumatatu asubuhi mama alirudisha aproni, imefuliwa na kupigwa pasi. Sista Luz alikuja nyumbani mara mbili kuuliza kulikoni, na mama akamwambia mgongo unamsumbua. Alilima bustani ya mchicha tangu hapo, kwa mgongo huohuo. Mtaani lile neno la wizi halikufa. Kukiwa na shughuli, kina mama walimkaribisha kupika kama kawaida, lakini nyama ilipofika kuna mtu aliyesogea akakaa karibu na beseni.

Sasa nikwambie kosa langu, maana nalo lipo. Hasira yangu niliitupia kwa mama. Nilimwona mwoga. Nilipokuwa sekondari, nimejaa maneno ya haki za wanawake tuliyofundishwa, nilimwambia kwamba ningekuwa yeye nisingepiga magoti, ningesema ukweli na dunia ipasuke. Alikuwa anachagua mchele. Aliendelea kuchagua. Miaka mingi niliamini kwamba siku ile alinishika mkono kwa sababu alikuwa anaogopa na alihitaji mtu wa kumshika.

Nilielewa siku moja tu, mimi mwenyewe nikiwa mama, nilipomshika mwanangu kwa namna ileile ili asitamke jambo mbele za watu. Mkono wa mwenye hofu hauna nguvu za namna hiyo. Alikuwa ananizuia. Alijua nimesikia, alijua ningesema, na alijua baba angeonekana mwongo mbele ya kaka yake na ukoo wake mzima, kwa kinywa cha mtoto. Alichagua aonekane mwizi yeye. Watu wengi wakisikia haya husema, ah, mama yako alikuwa mvumilivu sana, mwanamke wa kweli. Naomba usiniambie hivyo. Sitaki kabisa kuambiwa. Uvumilivu wake ulikuwa mzuri kwa kila mtu isipokuwa yeye, na aliondoka duniani bila kusafishwa jina.

Baba mkubwa naye amekwisha kufa. Baba yupo Butiama, kwa mdogo wangu, mzee wa kuongozwa mkono kwenda chooni. Pasaka iliyopita nilikwenda kumwona, na kwa ukaidi wangu nikapika minudo, ini lote, na zabibu nilizozinunua hapa Musoma. Alikula polepole. Katikati ya sahani akaniuliza mama alikuwa ameniambiaga nini kuhusu lile ini.

"Hakuniambia kitu," nikasema. "Nilikuwepo, baba. Mimi ndiye niliyeshika beseni."

Aliacha kutafuna. Nadhani miaka yote ile aliamini kwamba anayejua ni yeye na marehemu tu. Nilidhani atalia, na nikajiandaa nisimwonee huruma. Hakulia.

"Nilikuwa nangoja aseme yeye," alisema. "Angesema yeye, ningeitikia."

Nilinyanyuka nikatoa vyombo, sahani yake ikiwa bado na chakula. Niliviosha nje kwa fujo mpaka mke wa mdogo wangu akaja kuuliza kuna nini. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Yeye alimngoja mama, mama alimngoja yeye, na mimi nilishikwa mkono. Ukoo mzima ulikaa pale ukimtazama mwanamke mmoja akiwa amepiga magoti, na mwenye neno alikuwa anangoja aanze mwingine.

Mimi sasa simngoji mtu. Kwa yeyote aliyekaa kwenye kikao kile na bado yu hai, na kwa watoto wao walioisikia hadithi ya Mama Wakuru aliyeiba ini, nasema hivi: hakuiba. Alipewa na mumewe, asubuhi, kwa mikono miwili, na mimi nilikuwepo.